Harusi Isiyo na Watazamaji

Kamati ya harusi ya kijana wetu mmoja hapa Moshi imevunjika na kuundwa upya, na sababu ni bajeti. Mweka hazina aliposoma orodha ya ukumbi, mapambo, keki, MC, muziki, gari la maharusi, wapiga picha na droni yao, kundi la WhatsApp lilinyamaza kwanza, kisha likalipuka. Kadi ya singo pekee ingemtoa jasho muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, achilia mbali dabo. Kijana mmoja akauliza kwa nini ndoa isifungwe kanisani, watu wakarudi nyumbani kula ubwabwa. Mama mmoja mwenye sauti katika ukoo akamjibu kwamba harusi bila ukumbi ni kikao cha ukoo.

Sikuandika chochote. Mawazo yangu yalikuwa yameshafika California, mwezi Agosti 2019, kwenye harusi iliyofanyika chini ya miti mikubwa kuliko yote duniani. Hapakuwa na ukumbi wala maikrofoni, na hapakuwa na mtu aliyekuja kukaa ahudumiwe. Siisimulii ili Moshi iige. Mbele nitasema palipopungua. Lakini kuna mambo kuhusu harusi zetu ambayo niliyaona vizuri zaidi nikiwa kule.

Bibi harusi ni binti wa kaka yangu. Alizaliwa Fresno, mji uliozungukwa na mashamba ya zabibu na machungwa, ambako kaka alikwenda kusoma akabaki, nami nikamfuata baadaye kufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Bwana harusi ni kijana wa hukohuko, familia yake ina asili ya Meksiko, na amekua akipelekwa na babu yake kulala kwenye mahema milimani kila kiangazi. Walipotuambia wanataka kufungia ndoa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kings Canyon, na kwamba familia zote mbili zitalala hapohapo kambini, kaka aliweka kikombe chini.

"Mnataka niwaambie watu wa Mbokomu kwamba nimemwozesha mtoto msituni?"

Mbokomu nako, kijijini kwetu, walikuwa na yao. Mahari ilipokelewa kwa utaratibu wa wazee, mbuzi akachinjwa, mbege ikanywewa, nasi tukafuatilia yote kwa simu. Hilo lilimtuliza kaka kidogo. Kilichomkosesha usingizi baada ya hapo kilikuwa orodha ya wageni. Alikuwa amechangiwa na amechangia kwa miaka mingi: Watanzania wa Fresno, wa Sacramento, wa Los Angeles, na Wakenya wawili watatu waliomzikia rafiki. Kuchangiwa ni deni, na deni la namna hiyo hulipwa kwa kadi ya mwaliko.

Ila kibali cha hifadhi kilitaja idadi ya juu ya watu, na eneo la kambi lilikuwa na idadi yake. Kaka alipiga simu kuomba aongezewe. Akaelezwa kwa upole kwamba ardhi inayoizunguka miti ile haivumilii kukanyagwa na umati, kwa kuwa mizizi ya msekwoya, pamoja na ukubwa wa mti wenyewe, haiendi chini sana. Hutandaa karibu na uso wa ardhi, mbali kabisa na shina. Mazungumzo yakaishia hapo. Orodha ikakatwa, nami nikasubiri minuno. Haikuja. Waliokosa nafasi walipoambiwa kwamba serikali ya hifadhi imekataa, walicheka, wakatuma zawadi, wakasema tutaonana kwenye ubatizo.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Harusi zetu huvimba kwa kuwa hakuna mtu wa nje anayeweza kubeba lawama. Mwenyekiti wa kamati akikata jina la mtu, amelikata yeye, na ataulizwa hata msibani. Kwa hiyo hakati. Anaongeza viti, anaongeza sahani, kisha anapandisha kadi. Kamati nyingi nilizokaa hazikukosa fedha, zilikosa wa kuwakatalia.

Kibali kilikuwa na masharti mengine. Mchele usirushwe, wala maua. Baluni hapana. Spika za muziki hapana. Usifunge kitu chochote kwenye mti. Droni zilishapigwa marufuku katika hifadhi za taifa za Marekani tangu 2014. Wifi yangu, aliyekuwa ameshachagua vitambaa vya zambarau, alisoma karatasi ile mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Basi hawa wameshapamba wenyewe."

Kutoka Fresno unashika barabara namba 180, unapita mashamba ya matunda kwenye joto la kuungua, halafu unaanza kupanda. Ukifika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari unatafuta sweta hata kama ni Agosti. Misekwoya mikubwa haioti kwa asili popote duniani isipokuwa kwenye mteremko wa magharibi wa milima hii ya Sierra Nevada, katika mapori madogomadogo yaliyotawanyika. Huioni kwa mbali kama unavyouona mlima. Unapita misonobari ya kawaida, tena mingine, halafu kwenye kona unaona ukuta mwekundu, na inakuchukua muda kuelewa kwamba ukuta ule ni gome.

Kambini tulipokelewa na kabati la chuma. Dubu weusi wa kule hunusa chakula kutoka mbali, na wamejifunza kuvunja magari, kwa hiyo kila kambi ina makabati mazito yenye komeo ambalo dubu hawezi kulifungua. Chochote chenye harufu lazima kiingie humo. Sisi tulidhani maana yake ni nyama na mkate. Askari wa hifadhi, dada mmoja mwenye subira, alitupitisha: viungo vya pilau, sabuni, dawa ya meno, losheni, manukato, udi wa wifi. Vipodozi vya bibi harusi vililala na mafuta ya kupikia na kitunguu saumu. "Shangazi, hata Vicks," bwana harusi aliniambia kwa unyenyekevu, kwa kuwa alikuwa ameshajua harufu yangu.

Jioni ileile bibi harusi alibandika karatasi kwenye mlango wa kabati. Juu yake kulikuwa na majina yetu sote, na mbele ya kila jina kazi: kuchota maji, kuosha masufuria, kuwasha moto, kuwatazama watoto, kumenya vitunguu, kubeba viti, kuhakikisha kabati limefungwa kabla ya giza. Mgeni rasmi hakuwepo. Rafiki wa kaka, mhandisi anayeheshimiwa sana kati ya Watanzania wa California, alijikuta kwenye sinki la kambi akisugua sufuria la ubwabwa na binamu wa bwana harusi, dereva wa trekta. Walisugua kwa muda mrefu kuliko sufuria lilivyohitaji. Mpaka leo wanapigiana simu.

Chakula kilitupa shida. Ndizi za mtori zilipatikana katika duka la Wameksiko mjini na mbuzi tulimnunua kwa mchinjaji Mwislamu. Ndafu tulikuwa tumeshaisahau, kwa kuwa moto uliruhusiwa ndani ya pete ya chuma tu, na pete ile isingemchukua mbuzi mzima. Kaka alisikitika kwa sauti. Ndipo bibi yake bwana harusi alipoomba kuiona nyama, akaipapasa, akasema kwao pia harusi haina maana bila mbuzi. Aliichukua nusu akaipika na pilipili zake kavu. Nusu nyingine tukaichoma. Kilichotushinda ni maharage. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kabla ya kufikia joto la kawaida, takriban nyuzi 93, na maharage hayana habari na sherehe ya mtu. Tuliyabandika mchana, yakaiva usiku, na watu waliokuwa wakiyasubiri wakizunguka moto walifahamiana kuliko ambavyo kichenpati na sendofu zingeweza kuwafahamisha.

Mimi nimezaliwa kijijini, na nakumbuka harusi za utotoni kwangu. Wanawake walifika na mizigo ya kuni na majani ya migomba, wanaume walichinja, vijana walijenga banda la turubai, na ungekaa bila kazi ungeulizwa kama unaumwa. Mchango wa fedha ulikuja kuchukua nafasi ya mikono, na ulikuja kwa sababu za kueleweka: watu wamehamia mijini, wana ajira, hawana siku za kuchambua mchele. Sina ugomvi na historia hiyo. Lakini aliyelipa kadi anaingia ukumbini kama mteja. Anakagua chakula, anahesabu soda, anapima mapambo na ya harusi ya wiki iliyopita. Kambini hakuna aliyelalamikia maharage. Ungemlalamikia nani, na wewe ndiye uliyeyachochea?

Ndoa yenyewe ilifungwa asubuhi na mapema, kabla watalii hawajajaa, mahali palipotajwa kwenye kibali. Sheria ya California inaruhusu kaunti kumwapisha raia wa kawaida kuwa kamishna wa ndoa kwa siku moja tu, na aliyeapishwa alikuwa mjomba wa bwana harusi, fundi wa pampu za maji mashambani. Kaka, Mlutheri wa kuzaliwa, aliuliza nani alitangaza ndoa hii na wenye pingamizi walisikia wapi. Alikuwa na hoja: kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla. Walipatana kwamba mchungaji atawabariki Fresno Jumapili inayofuata, na ndivyo ilivyokuwa.

Bila maikrofoni ilibidi tusogee. Hilo lilinishangaza kuliko miti. Ukumbini kwetu MC anafokea spika, meza za nyuma wanaongea yao, na maharusi wako mbali jukwaani wamekaa kama picha. Pale, usiposogea mpaka bega ligusane na la mwenzako, husikii kiapo. Na anayehutubia, akiwa hana chombo cha kumkuzia sauti, anajua mwenyewe wakati wa kuishia. Baba wa bwana harusi alizungumza kwa sentensi chache. Kaka alizungumza kidogo zaidi, kwa Kiswahili, binti akitafsiri huku akilia, na wifi nami tukapiga vigelegele. Wawili tu, sauti nyembamba kabisa chini ya miti ile. Watu wasiotujua waliokuwa wakipita njiani walisimama. Mzee mmoja alivua kofia akauliza kwa ishara kama anaweza kubaki, akabaki.

Sehemu niliyoipenda kidogo ni mawaidha ya kamishna. Alisema mnayofahamu atasema: mizizi inayotandaa, ndoa isiyokwenda kirefu peke yake, na kadhalika. Kisha akaja kwenye moto. Alieleza kwamba gome la msekwoya linaweza kufikia unene wa sentimita 60, kwamba koni zake hukaa juu zimefumba kwa miaka, na kwamba joto la moto unaopita chini ndilo huzikausha zikafunguka na kumwaga mbegu ndogo kwenye majivu. Kwa hiyo msiogope moto katika ndoa yenu, akasema. Ni kweli kuhusu mbegu. Kuhusu ndoa, mimi niliyetunza wajane na waliotalikiana katika nyumba ile ya wazee nilijinyamazia.

Baada ya chai tulitembea hadi kwenye mti uitwao General Grant, ambao Rais Coolidge aliutangaza mwaka 1926 kuwa mti wa Krismasi wa taifa zima. Urefu wake ni mita 81.7. Kaka alipoisoma namba hiyo alisimama, akatoa simu, ambayo haikuwa na mtandao, akairudisha mfukoni. Alikuwa na uhakika hata bila simu. Mwaka 2016 mtafiti Andreas Hemp alitangaza kwamba mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko Kilimanjaro, mkukusu katika bonde la Mrusungu, wenye mita 81.5. Bonde lile liko juu ya kwetu.

"Sentimita ishirini," kaka aliwaambia wakwe zake wote, mmoja baada ya mwingine. "Wametupita kwa sentimita ishirini."

Sikumkumbusha habari ya unene. Shina la mkukusu lina kipenyo cha mita mbili na nusu hivi. Grant, chini kabisa, ana zaidi ya 12. Lakini ile ndiyo mara ya kwanza kumwona kaka akisimama katika harusi ile kama mwenyeji.

Siku iliyofuata wakwe walitupeleka bonde la Converse, nje kidogo ya hifadhi, ambako misekwoya ilikatwa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Mbao zake ni dhaifu, na mti wa ukubwa ule ukianguka hupasuka vipande, kwa hiyo mingi iliyokatwa ilioza palepale au ikaishia kuwa nguzo za uzio na vigae vya paa. Kuna kisiki kimoja kule nilichokiangalia muda mrefu. Mti wake uliitwa General Noble, ukakatwa ili kipande cha shina kipelekwe kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893. Walikipasua, wakakisafirisha kwa vipande, wakakiunganisha upya. Watazamaji wengi walikiona wakasema ni uongo, hakuna mti wa namna ile, watu wa California wameunganisha mbao. Umekatwa ili uonwe, na walioletewa hawakuamini. Nimekuwa nikikumbuka kisiki kile kila ninapoona bibi harusi anabadilishwa gauni la tatu ili wageni wa meza za nyuma wapate cha kurekodi.

Tulisikia pia habari za Charles Young, kapteni mweusi wa jeshi la Marekani aliyezaliwa utumwani, ambaye kiangazi cha 1903 aliwekwa kusimamia Hifadhi ya Sequoia, jirani ya hii. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushika kazi ya namna hiyo. Chini yake askari weusi walimalizia barabara ya kwanza ya magari ya kukokotwa kufika kwenye msitu uitwao Giant Forest, jambo lililokuwa limesuasua miaka mingi. Wenyeji walitaka kuupa mti mmoja jina lake. Akakataa, akapendekeza Booker T. Washington, na kusema kwamba wakiendelea kuwa na wazo hilo baada ya miaka 20, basi. Mti wenye jina la Young ulikuja kupatikana 2004. Yeye alifariki Lagos, Nigeria, Januari 1922, akiwa kazini. Mhandisi wetu wa masufuria alilipenda sana simulizi hilo, akataka kulitolea hotuba usiku. Karatasi ya kabati ilimpangia kubeba viti.

Sasa palipopungua. Mama yetu, bibi yake bibi harusi, alikuwa Mbokomu. Viza ilishindikana, na kwa kuwa kambini hapakuwa na mtandao, aliona kiapo siku tatu baadaye kwenye video iliyotikisika. Babu mmoja wa upande wa pili, mwenye magoti mabovu, alilala kwenye gari. Dada niliyefanya naye kazi, ambaye alimlea binti huyu nusu ya utoto wake, hakupata ruhusa kazini. Na mahema, mabegi ya kulalia, majiko ya gesi, jaketi za watoto, vyote hivyo ni fedha. Harusi ya porini ni ya wenye likizo, gari na mgongo mzima. Anayeniambia kwamba ndiyo dawa ya michango yetu sikubaliani naye. Ukumbi, pamoja na kero zake, una mlango ambao bibi wa miaka themanini anaweza kuupita.

Na miti yenyewe haikungoja. Mwaka 2020 ulikuja moto ulioitwa Castle, na 2021 mioto mingine, ikiwemo iliyofunga hifadhi hizi zote mbili. Askari wa zimamoto walilizungushia blanketi la alumini shina la General Sherman, mti wenye ujazo mkubwa kuliko wote duniani. Huo ulipona, na Grant pia. Lakini katika miaka ile miwili iliuawa kati ya asilimia 13 na 19 ya misekwoya mikubwa yote iliyopo, miti iliyoshavuka mioto kwa zaidi ya miaka elfu moja. Zaidi ya karne nzima watu walikuwa wakizima kila moto mdogo, makapi yakajazana chini, ukame na joto vikaongezeka, na moto ulipofika ulipanda mpaka kileleni. Binti yetu alinipigia akiwa anaangalia habari. "Shangazi," aliniambia, "ile hotuba ya mjomba inahitaji masahihisho." Walikuwa wamepanga kurudi kambini kusherehekea kumbukumbu ya ndoa yao. Njia ilikuwa imefungwa.

Kwa ndugu walio kule ambao bado wanaitamani harusi ya namna hii: ombeni kibali miezi mingi kabla. Kuni msibebe kutoka nyumbani, kwa kuwa hubeba wadudu wanaoua miti. Nunueni karibu na kambi. Bandikeni orodha ya kazi kabla mgeni wa kwanza hajashuka kwenye gari, na jina la baba wa bibi harusi liwemo. Maharage yalowekeni tangu jana yake.